Kocha Hulaumiwa, Hesabu Haiulizwi

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hawakutwambia mgema afanye nini pale wanaomsifu wanapomgeuka kabla sifa hazijapoa vinywani mwao. Hayo ndiyo yaliyompata Benni McCarthy, mwalimu aliyetoka Afrika ya Kusini kuja kuifunza timu ya taifa ya Kenya. Agosti 2025, katika Kombe la CHAN, ambalo ni la wachezaji wa ligi za nyumbani, Harambee Stars iliifunga Kongo ya Kinshasa 1-0, ikatoka sare 1-1 na Angola, ikaifunga Moroko 1-0 huku imebakiwa na watu kumi uwanjani, kisha ikaifunga Zambia 1-0. Ijumaa ya tarehe 22 ikatolewa na Madagaska kwa mikwaju ya penalti, na hata hivyo watu wakatoka Kasarani wakimsifu mwalimu. Ijumaa ya pili baada ya hiyo, tarehe 5 Septemba, katika uwanja ule ule, Gambia ikaifunga Kenya 3-1 katika mechi ya kuwania nafasi ya Kombe la Dunia. Sifa zikageuka matusi.

Msomaji wa Mombasa au Malindi asidhani kwamba hasira hizo ni za Nairobi peke yake. Nenda Kabianga siku ya mechi, katika nchi ya chai ya Kericho. Utawakuta wachuma chai, vijana wa bodaboda na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kabianga wamesongamana mbele ya televisheni moja, na kila mmoja ana kikosi chake kichwani. Timu ikifungwa, neno huwa moja: kocha aende zake.

Na Kabianga si mbali nasi kama ramani inavyoonyesha. Chai ya huko hushuka hadi Mombasa, ambako mnada wa chai umekuwapo tangu ulipohamishwa kutoka Nairobi mwaka 1969. Katika biashara hiyo mna somo litakalotufaa katika jambo hili la mpira, nasi tutalifikia.

Kwanza tumpe shabiki haki yake. Mtu aliyekatwa siku moja ya kazi ili aione timu yake ana haki ya kukasirika ikicheza ovyo. Ana haki ya kuuliza kwa nini fulani amewekwa benchi, na kwa nini walinzi wamesimama kama wageni arusini. Lakini hasira ni kama mshale, ukitupwa vibaya aliyekosa hupona na asiyekosa huumia.

Tuangalie basi huyo mwalimu alikuta nini. Aliteuliwa mwanzo wa Machi 2025, na mechi yake ya kwanza ilikuwa tarehe 20 ya mwezi huo huo, sare ya 3-3 na Gambia. Siku tatu baadaye Gabon ikaja Nyayo ikashinda 2-1. Kabla hajagusa mpira, Kenya ilikuwa na pointi 5 tu katika mechi 4 za kundi lake, na Ivory Coast ilikwisha kujikusanyia 10. Ni kama mwalimu wa chuo aliyeletewa watoto wiki mbili kabla ya hitima, nusu yao hawajui alifu na bee, kisha baba mtu akaja juu akiuliza mbona mwanawe hajui kusoma.

Waswahili husema mcheza kwao hutuzwa. Timu hii haikuwa na kwao. Juni 2024 mechi zake za nyumbani dhidi ya Burundi na Ivory Coast zilichezewa Lilongwe, Malawi, na baadaye mwaka huo ikawa inawakaribisha wageni wake Kampala, maana viwanja vya Kenya havikuwa tayari. Sisi wa Mombasa hatuna haja ya kuambiwa habari ya viwanja. Uwanja wetu wa manispaa ulivunjwa ili ujengwe upya, na ujenzi ukakwama kwa miaka.

Sasa hesabu makocha. Tangu Februari 2016 hadi Machi 2025 walipita Okumbi, Put, Migne, Kimanzi, Mulee na Firat, kisha akaja McCarthy, yaani walimu saba katika miaka tisa. Paul Put alilitwaa Kombe la Chalenji Desemba 2017, ndugu zetu wa Zanzibar wakalikosa kwa penalti, na kufikia Februari 2018 alikwisha kuondoka. Engin Firat alianza kwa kufungwa 5-0 na Mali, Oktoba 2021. Linganisha na siku za Marshall Mulwa, Mkenya aliyeachwa kazini akalichukua kombe hilo mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983.

Tena kufukuza si bure. Adel Amrouche alipoondolewa mwaka 2014 kinyume cha mkataba wake, alishtaki, na shirikisho likaamriwa kumlipa takriban dola milioni 1. Wangapi waliopiga kelele kwamba aende walijua kuwa kelele hizo zina bei, na ya kuwa fedha hizo zingetosha kununulia mipira na viatu kwa shule nyingi za Kericho na Kwale?

Mashabiki wa Kericho wenyewe wana kidonda ambacho hakikutiwa na kocha. Timu yao ya Zoo ilipanda ligi kuu mwaka 2017, ikicheza katika uwanja wa Green mjini. Mwaka 2021 ikashushwa kwa amri ya FIFA kwa sababu ya upangaji wa matokeo. Na mwaka uliofuata Kenya nzima ikafungiwa, toka Februari hadi Novemba 2022, baada ya serikali kuuvunja uongozi wa shirikisho kwa madai ya ubadhirifu. Timu ya taifa ikatolewa katika mechi za kuwania Kombe la Afrika bila kupiga mpira hata mmoja.

Hapo ndipo tunaporudi kwenye chai. Muonjaji wa chai huvuta funda moja kwa kijiko, akalizungusha mdomoni, akalitema, akatoa hukumu. Hukumu yake ni kali, lakini fikira yake haikomei kikombeni. Chai ikiwa mbaya hujiuliza: je, yalichumwa majani mawili na chipukizi, au majani makuukuu? Je, yalikawia njiani mpaka yakapata joto? Je, kiwandani yalinyaushwa sawasawa? Aliyemimina chai kikombeni ndiye wa mwisho kuigusa.

Wakulima wadogo wa Kericho na Bomet wanalielewa jambo hili kuliko sisi. Mwaka 2025 bonasi yao ilipotoka chini sana kuliko ya wenzao wa upande wa Mlima Kenya, hasira yao haikuishia kwa karani wa mizani. Walitaka kujua majani yaliuzwa kwa bei gani, gharama zilikuwa ngapi, na nani alikata nini njiani. Basi mtu huyo huyo, jioni anapokaa mbele ya televisheni, kwa nini asahau kuuliza hesabu? Fedha za timu zilikwenda wapi? Ligi ya vijana iko wapi? Uwanja ulioahidiwa umefikia wapi?

Simtetei kocha kwa kila jambo. Novemba 2025 Senegal iliifunga Kenya 8-0 nchini Uturuki, na mabao manane hayasingiziwi nyasi mbovu. Kwa hilo mwalimu ana la kujibu, naye alipwa mshahara ili ajibu. Lakini aulizwe kwa hoja. Tangu siku za Muyaka washairi wetu wamelumbana kwa maneno makali yenye kuchoma hadi mfupani, na mwenye kutupa fumbo hujibiwa kwa fumbo. Kumtukania mtu mama yake si fumbo wala si kijembe. Ni ulimi uliokosa la kusema, na ulimi nao una hesabu yake kwa Mola.

Septemba 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa kwa pamoja dhamana ya kuandaa Kombe la Afrika la 2027. Hiyo ni amana, na amana haikabidhiwi kocha peke yake. Wenye viwanja, wenye mafungu ya fedha na wenye viti katika shirikisho wanaipenda sana sauti ya shabiki inayosema kocha aende, kwa sababu ikisema hivyo haiwataji wao. Siku shabiki wa Kabianga na wa Mombasa watakapouliza hesabu ya mpira kama mkulima anavyouliza hesabu ya majani yake, ndipo wakubwa hao watakapokosa usingizi.