Tunajua Kukata Utepe, Hatujui Kuzibua Kalavati

Aprili iliyopita nilisimama juu ya kalavati moja katika barabara ya changarawe wilayani Mufindi. Mdomo wake ulikuwa umejaa mchanga na mabua ya mahindi hadi juu. Maji, yalipokosa njia ya chini, yalipita juu ya barabara na kuondoka na nusu ya tuta. Vijana wawili wenye majembe wangelizibua kwa siku moja. Sasa patahitajika greda, kifusi, zabuni na mkandarasi, na wanakijiji watasubiri bajeti nyingine.

Nimechoka kusikia kwamba barabara za Nyanda za Juu Kusini ni mbovu kwa sababu ya milima na mvua. Mvua za huku huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, kama zilivyofanya enzi za babu zetu. Tatizo letu ni kwamba tumeupa ujenzi heshima yote, na utunzaji tumeuachia mabaki. Sijapata kuona kiongozi akialikwa kuzindua mtaro uliozibuliwa.

Hasara yake ilikwisha kupigiwa hesabu. Mwaka 1994 Benki ya Dunia ilieleza kuwa matengenezo ya dola bilioni 12, yangefanyika kwa wakati, yangeiokolea Afrika dola bilioni 45 za kujenga upya barabara katika muongo uliotangulia. Tanzania ilisikia: tukaunda Mfuko wa Barabara mwaka 1998, TANROADS mwaka 2000 na TARURA mwaka 2017. Vyombo tunavyo. Tazama, hata hivyo, tulivyogawana chakula: kwa miaka mingi mfuko huo uligawanywa kwa uwiano wa asilimia 70 kwa barabara kuu na za mikoa, zenye takriban kilomita 36,000, na asilimia 30 kwa barabara za wilaya, ambazo mtandao wake unazidi kilomita 144,000. Kwa kila kilomita, hiyo ni tofauti ya karibu mara tisa. Tozo ya shilingi 100 kwa lita iliyoongezwa mwaka 2021 kwa ajili ya TARURA ilipunguza njaa hiyo, haikuiondoa.

Wenzangu serikalini watanijibu kwamba barabara kuu ya kwenda Tunduma hubeba mizigo ya Zambia na Kongo, na kilomita moja ya lami haitunzwi kwa gharama ya kilomita ya vumbi. Nakubali. Nakubali pia kwamba lami hiyo ina adui wake. Majaribio yaliyofanyika Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kuwa madhara ya ekseli huongezeka takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wake. Ekseli iliyozidi kwa asilimia 20 huumiza barabara karibu mara mbili. Kwa hiyo mizani ya Wenda na ile ya Makambako ni vyombo vya matengenezo sawa na greda, na anayefumbia macho lori lililozidi uzito, popote pale, anachimba mashimo kwa mikono yake.

Lakini mzigo hauanzii kwenye lami. Majani mabichi ya chai yasipofika kiwandani siku ileile huharibika. Mkulima wa viazi ambaye kijiji chake hufikiwa na fuso moja kwa wiki wakati wa masika hana ubavu wa kukataa lumbesa; mnunuzi aliyethubutu kupita kwenye tope ndiye mwenye bei na ndiye mwenye kipimo. Tunapiga marufuku lumbesa kwa matamko, huku tope likiilinda.

Sasa lami imeanza kufika vijijini. Mradi wa RISE, unaogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, umezigusa barabara za Iringa, ikiwamo ile ya Mtili hadi Ifwagi. Nafurahi, na ninaogopa. Mtaro wa barabara ya mkopo huziba kama mtaro mwingine wowote, na deni hubaki hata lami ikiondoka.

Fedha za kuzibua mitaro zitengwe kwanza, kabla ya kilomita mpya hata moja kuandikwa, na kazi hiyo wapewe vikundi vya vijiji husika kwa mkataba wa mwaka mzima, walipwe kwa kilomita inayopitika. Maofisa mnaonisoma, bandikeni kwenye ubao wa kila ofisi ya mtendaji wa kijiji jina la barabara, kiasi kilichotengwa, jina la mkandarasi na tarehe ya kumaliza. Karatasi moja tu. Nanyi wanafunzi mnaokwenda likizo Kilolo, Rungwe au Ileje, pigeni picha ya kila kalavati lililoziba, andikeni tarehe, mzipeleke kwa diwani kabla ya Novemba.