Bi harusi, usione haya kukohoa



Harusi ikikaribia, somo humfunda mwari mambo chungu nzima: singo, udi, adabu za nyumba mpya. Kikohozi hakitajwi. Sisi tunaona kitajwe, hasa kwa mabinti zetu wanaoolewa bara na kufuata waume kwenye migodi. Tuchukue Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, Shinyanga. Wilaya hiyo ina mgodi wa almasi wa Mwadui, na ukizidi kwenda magharibi unaingia Geita kwenye dhahabu. Vumbi la mawe huharibu mapafu, na mapafu hayo hushikwa upesi na kifua kikuu. Mume akiugua, mkewe anayelala naye chumba kimoja yumo hatarini.

Kikohozi kikifika wiki mbili, au ukiona homa, jasho la usiku na kukonda, nenda kapime. Ila vipimo havilingani. Hadubini ni ya siku nyingi na ni rahisi, lakini vijidudu vikiwa vichache haivioni. Picha ya kifua huonesha kivuli, na kovu la vumbi la mgodini nalo ni kivuli. Kuotesha makohozi maabara kunaaminika sana, ila majibu huchukua wiki kadhaa. GeneXpert, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, hutafuta vinasaba vya kijidudu chenyewe. Kwa muda wa saa mbili hivi hujibu, na hueleza kama kijidudu ni sugu kwa dawa ya rifampisini. Rai yetu: ulizia hiyo kwanza. Ukipimwa kwa hadubini ukaambiwa huna na kikohozi bado kipo, usiridhike.

Lakini mashine hupima kile ulichotia kwenye kikopo. Wengi wetu tumelelewa kutokohoa kwa nguvu wala kutema mbele za watu, basi tunatia mate tunaondoka. Mate si makohozi. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa Rawalpindi, Pakistan: wanawake walioelekezwa vizuri namna ya kutoa makohozi, wengi zaidi waligundulika na ugonjwa kuliko wasioelekezwa. Mashine haikubadilishwa, yalibadilika maelekezo tu.

Kwa hiyo muombe muuguzi akuoneshe pahala pa faragha, nje penye hewa. Sukutua kwa maji, vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha kohoa kutoka ndani kabisa ya kifua. Stara yako imehifadhika, na kipimo kimepata haki yake.

Na mchumba akigundulika anaumwa, si sababu ya kuvunja posa. Dawa za kawaida ni miezi sita, na serikali inazitoa bure. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kutafuta tiba. Aanze dawa, azimalize, na harusi ingoje mpaka daktari aseme haambukizi tena.

Allah atujaalie afya na ndoa zenye kheri. Amin.