Polio Maniema: je, chanjo ndiyo inayoleta ugonjwa?

Hapa Kindu swali hili linaulizwa hata mlangoni pa kanisa. Ikiwa Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa huru na polio ya asili, kwa nini watoto wetu bado wanapooza?

Tuseme ukweli wote. Matone ya mdomoni yana virusi hai vilivyodhoofishwa. Mtoto aliyepewa huvitoa chooni kwa muda. Pale ambapo wengi hawajachanjwa na maji si safi, virusi hivyo hupita mtoto kwa mtoto, hubadilika, na hatimaye hupata tena nguvu ya kupoozesha. Ndivyo ilivyoonekana Maniema na Haut-Lomami mwaka 2017. Februari 2018 serikali ikatangaza hali ya dharura.

Basi hatari haitoki kwa mtoto aliyechanjwa, bali katika pengo la walioachwa. Wakichanjwa wote, virusi havina njia. Na polio haina dawa.

Wachungaji wenzangu, anayemficha mtoto siku ya chanjo anamweka hatarini pia mtoto wa jirani. Tuitangaze siku hiyo ibadani, na watoto wetu wenyewe wawe wa kwanza kupanga mstari.