Nani Amehesabu?

"Dada wa hip hop hawauzi." Tumeirudia kauli hii mpaka imekuwa ukweli. Ukidai ushahidi, unaambiwa angalia chati.

Chati ipi? Tanzania hatuna chati rasmi ya mauzo ya albamu. Enzi za Zay B na Sister P, idadi ya kanda aliijua msambazaji. Leo kijana wa kibandani stendi ya Bweri, Musoma, akimwingizia bodaboda nyimbo za Rosa Ree kwenye memori kadi, nani anaandika?

Marekani nao walikuwa wakikisia kwa kuwauliza wenye maduka. Mwaka 1991 Billboard ilipoanza kuhesabu mauzo halisi, ndani ya wiki chache N.W.A wakashika namba moja. Septemba 1998 albamu ya Lauryn Hill, The Miseducation of Lauryn Hill, ikaingia namba moja kwa nakala zaidi ya 420,000 za wiki ya kwanza. Zilihesabiwa.

Sisemi wetu wangeuza hivyo. Nasema hatujui, na asiyejua asihukumu. Promota anayemkata dada malipo kwa sababu ya "namba", kwanza aziweke mezani.