Kioo Kikubwa na Picha Zinazokwama



Vijana wetu kadhaa, na wazee wao pia, wametuuliza jambo moja kwa namna mbali mbali. Kijana asema: "Nyumbani imenunuliwa televisheni mpya ya 4K. Mchezo wa kompyuta niliokuwa nikiucheza vizuri katika kioo cha zamani sasa wakwamakwama, na muuzaji asema dawa yake ni kununua kadi mpya ya grafiki." Mzee naye auliza: "Kitu kipya kitaharibuje mchezo uliokuwa mzima? Na mwanangu anitaka fedha nyingine juu ya zile nilizokwisha toa. Nimpe au nisimpe?"

Huenda msomaji akastaajabu kuona swali kama hili katika ukurasa huu. Lakini mchezo kwa nafsi yake si haramu. Imepokewa kuwa Mahabushi walicheza na mikuki yao siku ya Idi katika msikiti wa Mtume S.A.W., naye akamwachia Bibi Aisha awatazame. Maadamu mchezo hauna kamari wala uchafu, wala haumchelewishi mtu na sala au masomo yake, hatuoni sababu ya kumkunjia kijana uso. Lakini mali ya nyumba ni amana, na amana haitumiwi kwa kubahatisha. Basi na tuitazame mashine kwanza, kisha tuutazame mfuko.

Hesabu yake

Picha ya kioo imefanywa kwa nukta ndogo ndogo ziitwazo pikseli. Kioo kilichoandikwa Full HD kina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwenda juu. Ukizidisha wapata nukta 2,073,600. Kioo cha 4K kina 3,840 kwa 2,160, yaani nukta 8,294,400. Hii ni mara 4 kamili, si zaidi wala si pungufu.

Kadi ya grafiki ndiyo ipasayo kuipaka rangi kila nukta, wala si mara moja tu. Mchezo ukitakiwa uende kwa picha 60 kila sekunde, kioo cha Full HD chataka nukta 124,416,000 kwa sekunde moja, na cha 4K chataka 497,664,000. Mfano wake ni mshonaji wa kofia za viua. Ukimpa kofia yenye vitundu mara 4 ya ile ya jana, na ukamtaka aimalize kwa saa zile zile, hapana shaka atachelewa. Kosa si la mkono wake wala si la sindano. Kazi ndiyo iliyozidi.

Ndiyo sababu kitu kipya huuharibu mchezo uliokuwa mzima. Kadi haikuharibika. Ilikuwa ikiiweza kazi ya kioo cha zamani, na kioo kipya kimeitwisha mzigo wa mara 4.

Maana ya mwendo laini

Wengi hudhani kuwa mwendo laini ni wingi wa picha tu. Sivyo. Sinema huenda kwa picha 24 kwa sekunde na hakuna anayelalamika, kwa kuwa kamera huacha ukungu kidogo katika kila kitu kinachokwenda, na mtazamaji hana amri juu ya kile anachokiona. Mchezaji ana amri. Mkono wake husema "geuka", na jicho lake hungoja jawabu. Kila kuchelewa hukuona.

Televisheni ya kawaida hupokea picha mara 60 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 16.7, wala haimngoji mtu. Ikiwa kadi yamaliza picha kwa milisekunde 18, imechelewa kidogo mno. Lakini ni kama abiria aliyefika gatini na pantoni imekwisha kung'oa. Kuchelewa dakika moja au kumi ni mamoja, itampasa angoje pantoni nyingine. Huku nyuma kioo huirudia picha ile ile ya kwanza. Picha moja ikikaa mara mbili na inayofuata mara moja, jicho huona mkwamo. Na mashine ikiambiwa isingoje, picha huchanika: nusu ya juu ya picha moja na nusu ya chini ya nyingine.

Kwa hiyo usawa wa mwendo una thamani kuliko wingi wa picha. Mchezo unaweza kuonyesha picha 60 katika sekunde moja, 50 katika nusu ya kwanza na 10 katika nusu ya pili. Ukisoma hesabu utasema ni mwema, na ukiutazama utaumwa na kichwa. Afadhali picha 30 zinazofuatana kwa mwendo mmoja, kila moja milisekunde 33.3, kuliko 55 zinazoruka ruka.

Wataalamu walilitafutia dawa jambo hili. Mwaka 2013 kampuni ya Nvidia ilitangaza G-Sync, na mwaka 2015 vikatoka katika soko vioo vya kompyuta vyenye FreeSync ya AMD. Kanuni yao ni moja: kioo humngoja mchoraji, yaani pantoni humngoja abiria. Kanuni ya HDMI 2.1, iliyotolewa mwaka 2017, ikaifungulia njia hikima hiyo kuingia katika televisheni za nyumbani. Kama kioo chako kinayo, iwashe. Aghalabu hukuta imezimwa.

La kufanya kabla ya kuufungua mfuko

Kwanza, tazama waya na tundu lake. HDMI ya zamani, ile ya 1.4, haiwezi kupeleka picha za 4K zaidi ya 30 kwa sekunde. HDMI 2.0 yafika 60, na 2.1 yafika 120. Televisheni nyingi zina matundu yasiyolingana nguvu, basi kisome kitabu kilichokuja nayo. Kama ni kompyuta ya mezani, waya uchomekwe katika kadi ya grafiki yenyewe, usichomekwe katika tundu la ubao mkuu. Kisha fungua mipangilio ya kioo, uhakikishe kuwa imeandikwa 60 au zaidi, si 30. Wako watu waliokuwa tayari kununua kadi mpya, na ugonjwa wao ulikuwa waya.

Pili, fanya jaribio hili. Ndani ya mchezo, punguza ukubwa wa picha kutoka 4K hadi 1,920 kwa 1,080. Mchezo ukiwa laini mara moja, umejua kuwa mzigo wa nukta ndio uliokuelemea. Ukiendelea kukwama vile vile, kadi ya grafiki si mgonjwa wako. Tazama prosesa, ambayo hesabu zake haziongezeki kwa kukua kioo, au kumbukumbu iliyojaa, au joto. Kadi mpya hapo haitakuponya, na fedha zitakuwa zimekwenda bure.

Tatu, ikiwa mzigo ni nukta, chora kidogo kisha ukuze. Michezo mingi ya siku hizi ina DLSS ya Nvidia, iliyoanza mwaka 2018, au FSR ya AMD ya mwaka 2021, au XeSS ya Intel ya mwaka 2022. DLSS yataka kadi za RTX za Nvidia. FSR ya mwanzo ilifanya kazi katika kadi za makampuni mbali mbali, hata za zamani. Kwa kioo cha 4K, daraja ya ubora katika DLSS huchora ndani picha ya 2,560 kwa 1,440, yaani nukta 3,686,400, chini ya nusu ya kazi, kisha huikuza kwa ustadi. Usione haya kuitumia. Mashine ya PlayStation 4 Pro ya mwaka 2016 iliuzwa kwa jina la 4K, na michezo yake mingi ilichora nukta pungufu na kuzijaza zilizobaki.

Nne, punguza mapambo. Vivuli, mwanga unaoakisiwa majini na sakafuni, na khasa ile hesabu ya miale ya nuru, hula nguvu nyingi, na mchezaji aliyeshughulika hazitambui. Zishushe daraja moja moja, utazame tofauti.

Tano, weka mpaka. Ikiwa mashine yafika 60 mara moja moja tu, iambie isipite 30. Au kama kioo ni cha 120, isipite 40. Kila picha itakaa milisekunde 25, ambazo ni katikati barabara baina ya mwendo wa 30 na wa 60. Ukiweka mpaka unaouweza daima, mashine itatulia.

Sita, fungua na usafishe. Katika miji yetu ya joto na vumbi, feni huziba, mashine hupata moto, na ikipata moto hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Brashi laini na nafasi ya hewa nyuma ya kabati hufanya mengi. Kompyuta ya mapajani nayo ichezwe ikiwa katika chaja.

Na jihadhari na jambo moja. Tangu mwaka 2022 pametoka hila ya kubuni picha za katikati, mashine ikijaza picha isiyochorwa na mchezo baina ya mbili zilizochorwa. Jicho huona ulaini, lakini mkono haupati jawabu la upesi zaidi. Mchezo uliokuwa laini huupendezesha. Uliokuwa mgonjwa haiuponyi. Muuzaji akikutajia idadi kubwa ya picha, muulize ngapi ni za kweli.

Jicho lenyewe

Liko swali ambalo wauzaji hawaliulizi: kijana akaa mbali gani? Jicho la kawaida lina mpaka wa kutenga nukta na nukta. Katika televisheni ya inchi 55, nukta za Full HD huanza kuungana machoni mtu akikaa kiasi cha mita 2 na robo. Anayekaa mita 3 katika sebule haoni kwa ukamilifu hata zile nukta milioni mbili, na mashine yake inataabika kumchorea milioni nane. Huyo akishusha ukubwa wa picha hatapoteza kitu. Na anayeuziwa kioo cha 8K chenye nukta 33,177,600 na ajiulize atazitazama kwa jicho gani.

Tulitazame jambo la fedha

Kurani tukufu imekataza ubadhirifu katika Surat Bani Israil, aya ya 26 na ya 27, na imewaita wabadhirifu kwa jina zito sana. Ubadhirifu si kutumia nyingi tu. Kutumia hata kidogo pasipo faida ni katika huo. Kununua kadi kwa mtu ambaye ugonjwa wake ni waya, au ambaye jicho lake haliioni tofauti, twaogopa kuwa kumo humo. Na likizidi baya ni lile la kununua kwa mkopo wa riba. Mchezo uliokuwa mubaha waingiaje nyumbani kwa mlango wa haramu?

Ewe mzee, usimjibu mwanao kwa ukali wala usimpe kwa kuchoka naye. Mwambie: "Nionyeshe majaribio yako." Kaa naye saa moja, mfuate hatua kwa hatua. Akikuonyesha kuwa ameyafanya yote, na kadi kweli haiwezi, na uwezo unao, na haki za nyumba zimekwisha tolewa, basi kumpa si dhambi. Hapo utakuwa umemnunulia kitu, na umemfundisha kupima kabla ya kununua.

Nawe kijana, elewa kuwa baba hakukunyima kwa kutokupenda. Yeye huiona ada ya shule, dawa ya bibi na kodi ya nyumba, ambazo wewe huzioni. Ukimjia na hesabu, atakusikiliza. Ukimjia na manung'uniko, atakuona mtoto. Na adhana ikilia, mchezo uweke chini, hata kama siku hiyo unakwenda laini kuliko siku zote.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuzitumia neema zake kwa kadiri. Wabillahi tawfiq.