Hata Jumba la Sanaa Lina Mwajiri



Kiwanda kinapofungwa katikati ya mji mdogo, kwanza watu huililia kazi. Baadaye linakuja swali la pili: majengo yale yafanywe nini? Hapo hutokea watu wenye nia njema wakasema, tuyafanye makao ya sanaa. Ziwemo picha na sanamu, ngoma na michezo ya kuigiza. Wageni watakuja, maduka yaliyofungwa yatafunguliwa, na mji utafufuka. Tena wanaongeza kwamba shirika litakalosimamia shughuli hiyo halitafuti faida, ni mali ya wananchi wote.

Mimi sipingi sanaa. Mfanyakazi si punda, abebe mzigo mchana na kulala usiku basi. Anahitaji ngoma yake na mchezo wake kama anavyohitaji ugali. Ninalosema ni hili: shirika lisilotafuta faida ni mwajiri kama waajiri wengine, na anayefagia ukumbi wake ni mfanyakazi kama sisi. Asiyelijua hilo mapema atalijua kwa uchungu.

Tutazame mji mmoja uliopita njia hiyo kwa muda wa kutosha hata tukaweza kuupima. Mji huo ni North Adams, katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Ni mji mdogo kati ya milima, na historia yake ni historia ya wafanyakazi. Mwaka 1870 washona viatu wa kiwanda cha Sampson walipogoma, mwenye kiwanda aliwaleta vijana 75 Wachina kutoka California kuuvunja mgomo wao. Mwaka 1911 mpiga picha Lewis Hine alifika huko akapiga picha za watoto waliokuwa wakifanya kazi katika viwanda vya nguo.

Karibu na barabara kuu ya mji huo yapo majengo 26 ya matofali juu ya ekari 16. Tangu mwaka 1860 kampuni ya Arnold Print Works ilikuwa ikitia rangi na kuchapa vitambaa katika mji huo, na ndiyo iliyoyajenga majengo hayo. Kampuni hiyo ilipoondoka hapo mwaka 1942, ikaingia Sprague Electric, iliyotengeneza kapasita, yaani vifaa vidogo vya umeme vinavyowekwa ndani ya redio na mitambo mingine. Katika miaka ya 1960 Sprague iliajiri watu zaidi ya 4,000 katika mji wa watu wasiofika 20,000. Karibu kila nyumba ilikuwa na mtu ndani ya kiwanda kile. Mwaka 1970 wafanyakazi waligoma kwa wiki kumi. Mwaka 1985 kampuni ikafunga milango, na ufundi wa miaka mingi ukabaki mikononi mwa watu bila pa kuutumia.

Ndipo likaja wazo la sanaa. Mwaka 1986 Thomas Krens, aliyekuwa mkuu wa jumba la sanaa la chuo cha Williams kilichoko jirani, alikuwa akitafuta nafasi ya kuwekea kazi kubwa za sanaa ya kisasa. Meya wa mji, John Barrett III, akamwonyesha kiwanda. Mwaka 1988 bunge la jimbo lilikubali mradi utengewe dola milioni 35. Hata hivyo hali ya uchumi iliharibika, mambo yakachelewa, na jumba lenyewe, liitwalo MASS MoCA, halikufunguliwa hadi mwaka 1999. Leo ni mojawapo ya majumba makubwa ya sanaa ya kisasa nchini Marekani. Baada yake, makundi mengine yalianza kutumia maduka matupu ya barabara kuu kwa maonyesho, na chuo cha hapo kikaanzisha mpango wa namna hiyo mwaka 2008. Kiwanda cha Eclipse, kilekile alichokipiga picha Hine, sasa ni makazi na karakana za wasanii.

Tuseme ukweli: hilo ni jambo jema. Majengo hayakubomolewa wala hayakuachwa yaoze. Sehemu yake imekodishwa kwa biashara mbalimbali. Watu wengi wanafika kutazama, wanakula na kulala mjini, na wako wanaopata riziki kwa sababu hiyo. Anayesema sanaa haikuleta kitu North Adams anasema uongo.

Lakini tuangalie na upande wa pili. Hesabu ya watu ya mwaka 1960 ilikuta karibu watu 20,000 katika mji ule. Ile ya mwaka 2020 ilikuta wasiofika 13,000. Jumba la sanaa halikuzuia watu kuhama, wala halikurudisha kazi 4,000. Mwaka 2014 jimbo lilitoa zaidi ya dola milioni 25 kwa ajili ya kulipanua jumba lile. Mwezi Machi wa mwaka huohuo hospitali ya mji ilitangaza kwamba inafungwa, na baada ya siku tatu ikafungwa kweli. Watu zaidi ya 500 walipoteza kazi, na wagonjwa wakawa wanapelekwa mji mwingine. Sisemi kwamba fedha za hospitali ndizo zilizopelekwa kwenye picha. Hospitali ilianguka kwa madeni yake. Lakini nayo ilikuwa shirika lisilotafuta faida! Jina hilo halikumlinda muuguzi wala mpishi wala dereva. Wananchi walisubiri miaka kumi, hadi Machi 2024, ndipo hospitali ikafunguliwa tena chini ya shirika jingine.

Basi jina hilo maana yake nini? Maana yake ni kwamba hakuna wenye hisa wanaogawana faida mwisho wa mwaka, na ziada yote hurudishwa katika kazi ya shirika. Kwa ajili hiyo serikali hulisamehe kodi. Hayo tu. Jina halisemi mfagiaji alipwe kiasi gani, wala halisemi mlinzi asifukuzwe bila sababu.

Wafanyakazi wa MASS MoCA walilijua hilo mwaka 2020. Ugonjwa wa korona ulipofunga milango, watu 120 kati ya 165 walisimamishwa kazi. Waliorudi walielewa kwamba kuipenda sanaa hakumlipii mtu kodi ya nyumba. Mwezi Aprili 2021 walipiga kura, na kwa wingi mkubwa wakachagua kujiunga na chama cha wafanyakazi. Chama gani? UAW, chama cha watengenezaji wa magari! Tawi lake la 2110 lilikuwa tayari na wanachama katika majumba ya sanaa ya New York. Ndani ya kundi hilo moja wakawemo wanaopokea wageni, wanaotundika na kujenga kazi za sanaa, wauza tiketi na hata wataalamu wanaochagua maonyesho. Agosti 2022 waligoma siku moja kudai mkataba wao wa kwanza. Machi 2024 waligoma tena, safari hii karibu wiki tatu, kwa ajili ya mishahara, hata makubaliano yakapatikana. Walisimama na mabango yao nje ya majengo yaleyale ambayo wafanyakazi wa Sprague waliyagomea mwaka 1970. Kilichokuwa kikitengenezwa ndani kilibadilika, lakini haja ya kusimama pamoja haikubadilika.

Wako watakaosema: shirika la sanaa ni maskini, linaishi kwa michango, mkidai sana mtaliua. Maneno hayo tunayajua. Mwenye shamba husema hivyo bei ya chai ikishuka, na mwenye kiwanda husema hivyo kila mwaka. Jibu ni moja: tuonyesheni vitabu vya hesabu. Huko Marekani sheria inayataka mashirika ya namna hiyo yatoe kila mwaka taarifa ya fedha ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma, pamoja na mishahara ya wakubwa wao. Kama fedha hakuna kweli, wafanyakazi wana akili, watajua la kufanya. Kama fedha ya kujenga ukumbi mpya imepatikana, basi ya kumlipa atakayeufagia itafutwe kwa bidii ileile.

Kwetu sisi yako mafunzo matatu. La kwanza, kiwanda kikifungwa na majengo yakitafutiwa kazi mpya, chama kiwe ndani ya kamati tangu siku ya kwanza. Kiulize ni kazi ngapi, za kudumu au za msimu, za mshahara gani, na majibu yaandikwe. Fedha ya umma isitoke kabla ya hayo. Majengo yale yamejengwa kwa jasho la wafanyakazi, na wahenga walisema, mchimba kisima hakatazwi maji.

La pili, tusiwadharau wanaofanya kazi katika nyumba za sanaa na vikundi vya utamaduni tukidhani wao wanacheza tu. Mpiga ngoma anayelipwa ni mfanyakazi. Mshona mavazi ya mchezo ni mfanyakazi. Kama hawana chama chao, tuwakaribishe katika chama chetu, kama watengenezaji wa magari walivyowakaribisha watundika picha.

La tatu, tusikubali kuambiwa kwamba nyumba ya sanaa inatosha kuwa dawa ya mji mzima. Mji unahitaji sanaa, na unahitaji hospitali, na unahitaji kazi inayomwezesha mtu kulea watoto. Kimoja hakilipi deni la kingine.

Siku mtakapoitwa kwenye uzinduzi wa jumba jipya katikati ya mji wenu, nendeni, mpige makofi, mtazame mlivyoandaliwa. Kisha mtafuteni aliyeshika ufagio mlangoni, mmwulize kama ana mkataba, na kama ana chama.

Umoja ni nguvu.