Jumuiya zifundishe waumini kuhoji, si kuchanga tu

KATA ya Visiga, iliyo kandokando ya Barabara Kuu ya Morogoro kati ya Kibaha na Mlandizi, ni moja ya maeneo ya Mkoa wa Pwani ambako mtu huweza kuwa mkulima asubuhi na mfanyabiashara jioni. Kipato cha mtu wa namna hiyo hakifuati tarehe ya mshahara. Huja kwa msimu, kisha hukatika.

Hapo ndipo kiongozi wa jumuiya ndogo ya Kikristo anayetaka kufundisha matumizi ya fedha anapopaswa kuanzia. Bajeti ya mtumishi wa ofisini haimsaidii mkulima wa mihogo au mama muuza kuku.

Tuchukulie mkulima ameuza mazao na kupata Sh1,200,000, na mavuno mengine yapo miezi sita mbele. Akitenga Sh300,000 za mbegu na palizi, na Sh180,000 za mahitaji ya shule na sadaka, anabakiwa na Sh720,000. Kwa miezi sita hizo ni Sh120,000 kwa mwezi, yaani Sh4,000 kwa siku. Siku ya mauzo alijiona tajiri, kumbe daftari linasema vingine. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Asipoijua hesabu hiyo mapema, njaa ya miezi ya katikati humpeleka kwenye mikopo ya "kausha damu". Anayekopa Sh100,000 na kurudisha Sh130,000 baada ya mwezi analipa riba ya asilimia 30. Biashara yake lazima izae Sh30,000 za mkopeshaji kwanza, ndipo yeye apate ya chumvi.

Hata hivyo, hatari kubwa zaidi inaweza kuingia kwa mlango wa ibada yenyewe.

Jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele katika mkutano wao wa Nairobi mwaka 1976, husali nyumba kwa nyumba. Wanachama wanafahamiana, wanazikana na kuuguzana. Kuaminiana huko ni mtaji, lakini pia ni mwanya, kwa kuwa ni vigumu kumhoji mtu unayesali naye.

Watanzania walilipia somo hilo. Mwaka 2009 Serikali ilisimamisha shughuli za DECI, taasisi iliyoongozwa na wachungaji jijini Dar es Salaam na kukusanya fedha za watu wengi kwa lugha ya kupanda na kuvuna. Mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake kwa kuendesha upatu na kupokea amana za umma bila leseni.

Hesabu ya upatu ni rahisi. Watu 10 wakitoa Sh50,000 kila mmoja na kuahidiwa Sh100,000, zinahitajika fedha za watu wapya 20 kuwalipa. Hao 20 wanahitaji 40, na 40 wanahitaji 80. Hatua ya kumi inahitaji watu 10,240. Wa mwisho hana wa kumlipa, na mara nyingi ndiye aliyeuza shamba ili ajiunge.

Kwa hiyo swali la kwanza la kufundishwa katika jumuiya ni hili: faida hii inatoka wapi? Kama hakuna shamba, bidhaa wala mkopaji anayelipa riba, faida hiyo ni fedha ya jirani.

Jambo la pili ni kwamba anayefundisha asiwe ndiye anayetunza fedha. Vikundi vya VICOBA vilizoeza wanachama wake sanduku lenye kufuli tatu, funguo zikiwa kwa watu tofauti, na fedha kuhesabiwa mbele ya wote. Jumuiya inayoanza kukopeshana iunde kikundi chenye katiba na kukisajili. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi vya namna hiyo katika daraja la nne, na usajili hufanyika kupitia halmashauri.

Kiongozi asiyekasirika anapoulizwa daftari liko wapi amekwishatoa nusu ya somo. Mwanachama akizoea kumhoji yeye, hatashindwa kumhoji mgeni atakayekuja na Biblia mkononi na fomu za kujiunga mfukoni.